Msiuze Tangi na Samaki Siku Moja

Kwenu wauzaji wa samaki wa mapambo wa Dar es Salaam, wenye maduka pamoja nanyi mnaouzia kwenye simu na kutuma mzigo kwa bodaboda,

Nawaandikia kama mteja wenu wa siku nyingi, na kama mtu ambaye majirani humpigia simu samaki waliowanunua kwenu wakishaanza kulala ubavu. Ombi langu ni moja, nalitanguliza msije mkalitafuta: acheni kumuuzia mtu tangi jipya na samaki siku ile ile. Mpeni tangi, changarawe, filta na dawa ya kuondoa klorini, aende navyo nyumbani. Samaki wabaki dukani mpaka tangi lake liwe tayari, na ninyi ndio muwe wa kumwambia kuwa liko tayari, baada ya kuyapima maji yake.

Jumamosi zenu nazijua. Baba anaingia na mtoto, mtoto anabandika pua kwenye kioo na kuanza kunyoosha kidole: gapi wawili wenye mikia ya chungwa, beta mwekundu, na wale wa dhahabu wanne, kwa kuwa watatu ni wachache. Kijana wa duka anazamisha wavu, anawamimina mfukoni, anaujaza mfuko hewa kwa mpira wa pampu na kuufunga kwa raba mbili. Tangi la lita 60 linaingia kwenye boksi, boksi linaingia kwenye bajaji. Kabla ya magharibi maji yameshatiwa, taa inawaka, na picha iko kwenye status.

Siku mbili za kwanza samaki wanacheza. Siku ya tatu au ya nne wanapanda juu, midomo inagusa uso wa maji, matamvua yanakwenda mbio, mapezi yamejikunja. Maji yameanza kuwa na ukungu mweupe. Baba anapiga simu dukani na jibu analolipata karibu kila duka ni lile lile: umewalisha sana. Kuna walioambiwa hivyo wakastahili, wanaomwaga chakula kama wanalisha kuku. Lakini nimewaona wa watu waliolisha punje chache kwa siku nao wakafa vivyo hivyo. Kisha anaagizwa amwage maji yote, asugue changarawe na aioshe filta bombani mpaka itakate. Anafanya hivyo kwa moyo mmoja, na kwa kufanya hivyo anaua hata kile kidogo kilichokuwa kimeanza kuota ndani ya tangi.

Tangi jipya ni nyumba isiyo na choo. Samaki hutoa amonia, sehemu kubwa kupitia matamvua, usiku na mchana, awe amekula sana au kidogo. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza vinaongeza amonia nyingine. Mtoni na ziwani maji ni mengi na viumbe wa kuishughulikia wapo kila mahali. Ndani ya lita 60 zilizotoka bombani mchana huo hakuna wa kuishughulikia, na amonia inamrudia aliyeitoa, inamchoma matamvua yale yale anayopumulia. Ndiyo maana anakwenda juu kutafuta hewa hata kama pampu yenu inatoa mapovu vizuri kabisa.

Kuna jambo hapa linalotuhusu sisi wa pwani kuliko waandishi wa vitabu vya Ulaya. Amonia ndani ya maji huwa na sura mbili, moja yenye sumu kali na nyingine isiyo na madhara makubwa. Ipi itakuwa nyingi hutegemea pH na joto. Kwenye nyuzi 28, ambazo ni joto la kawaida la tangi lililokaa sebuleni hapa mjini bila hita, pH ikiwa 7, sehemu ya sumu haifiki hata asilimia 1. Ikipanda hadi 8, ni zaidi ya asilimia 6. Ikifika 9, inakaribia asilimia 40. Kwa hiyo wateja wawili wanaweza kununua samaki sawa na kulisha sawa, wa kwanza akapona kwa bahati na wa pili akazika, kwa sababu tu mmoja alitumia maji ya bomba na mwenzake maji magumu ya kisima. Anayeyajua haya ni nani kati ya muuzaji na baba aliyekuja na mtoto wake? Au tuseme, anayepaswa kuyajua?

Wale wanaovuka wiki ya kwanza hukutana na sumu ya pili. Bakteria wa kwanza wakishaanza kuila amonia, wanaigeuza kuwa nitriti, na nitriti huingia kwenye damu ya samaki na kuizuia isibebe oksijeni. Mfunue matamvua samaki aliyekufa wiki ya tatu: badala ya wekundu mbichi utakuta rangi ya kahawia. Mteja anadhani ni ugonjwa, anarudi kwenu, anauziwa chupa ya dawa ya rangi ya bluu. Ndugu zangu, hiyo dawa haigusi nitriti. Kinachosaidia wakati huo ni kubadilisha sehemu ya maji na kutia chumvi ya kawaida ya jikoni, kijiko kimoja cha chai kwa kila lita 10, kwa sababu kloridi iliyo ndani ya chumvi huizuia nitriti isiingie kwenye matamvua. Chumvi ni ya bei ya chini kuliko dawa, labda ndiyo sababu haitajwi.

Mwishoni kundi la pili la bakteria huibadilisha nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa si nyingi, mimea huila, na sisi huipunguza kwa kubadilisha maji. Hapo ndipo tangi huwa limeiva. Lakini bakteria hawa hukua polepole. Wale wa tumboni mwa binadamu wakipata chakula na joto hugawanyika kila dakika 20 hivi. Hawa wa kwetu huhitaji saa nyingi, mara nyingi hata siku nzima. Kuanzia sifuri, hesabu ni wiki 4 hadi 6, na kwa joto letu wakati mwingine 3. Hakuna kijana wa duka anayeweza kuzifupisha kwa maneno.

Subira hii ilionekana mapema, kabla hata ya mtu yeyote kuwajua bakteria hao kwa jina. Mwaka 1877, Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha maji machafu polepole ndani ya bomba refu lililojazwa mchanga na chokaa. Kwa siku 20 hivi hakuna kilichotokea, amonia iliingia juu na kutoka chini ikiwa vile vile. Halafu, bila wao kuongeza kitu, nitrati ikaanza kutokea, na amonia ikatoweka. Wakavuta mvuke wa klorofomu ndani ya bomba, kazi ikasimama. Ikawa wazi kwamba ndani ya mchanga ule mlikuwa na viumbe hai. Nikilitazama tangi jipya la mtu likiwa na maji na mchanga mtupu, huwa nawafikiria mabwana wale wakisubiri mbele ya bomba lao siku ya 15, ya 16, ya 17. Wao hawakujua kama kuna kitu kinakuja. Sisi tunajua, na bado tunashindwa kusubiri.

Mwaka 1998 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Timothy Hovanec walionyesha kwamba katika matangi ya maji baridi kazi ya kula nitriti hufanywa na bakteria wa jamii ya Nitrospira, wala si Nitrobacter kama vitabu vilivyokuwa vikifundisha kwa miongo. Nalitaja hili kwa sababu ya zile chupa za bakteria mnazouza. Kabla ya kuagiza katoni nyingine, someni lebo muone wametaja bakteria gani, na muulize mzigo ulisafirije. Viumbe hai waliokaa wiki kadhaa kwenye kontena bandarini, kisha miezi kwenye rafu chini ya bati, sina hakika ni wangapi wanaofika kwa mteja wakiwa hai. Nyingine hufanya kazi. Lakini msimwambie mtu kuwa akimimina kifuniko kimoja anaweza kutia samaki jioni hiyo.

Na yale maji ya zamani mnayompa mteja kwenye chupa, mkimwambia yana wadudu wazuri, hayana faida ya maana. Bakteria hawa hawaelei, hushika kwenye kitu: sponji, changarawe, ukuta wa kioo. Kilicho na thamani dukani mwenu kiko nyuma ya lile tangi kubwa mnalowekea akiba. Ni sponji ya kahawia, inayoteleza mkononi, ambayo kijana mgeni angeitupa akidhani ni uchafu. Ukiikamua ndani ya ndoo, maji yanakuwa kama chai ya rangi. Kipande cha sponji hiyo kikiingia kwenye filta ya mteja, wiki 6 zinaweza kuwa wiki moja. Hebu fikirieni: mna mali ambayo haipatikani kwenye duka la vifaa wala haiagizwi kutoka nje, inajizalisha yenyewe kila siku, na hakuna anayeiuza. Wekeni sponji tano au sita za ziada kwenye matangi yenu leo, mwezi ujao muziuze zikiwa zimelowa, kwenye mfuko wenye maji ya tangi. Mimi ningezilipia bila kubisha bei. Sharti ni moja: zitoke kwenye tangi ambalo halijapata madoa meupe wala vifo visivyoeleweka, maana ugonjwa nao husafiri na sponji.

Kwa asiyepata sponji, njia ya kuliivisha tangi bila samaki ipo, na vifaa vyake vipo kila wilaya. Wazungu huandika kuhusu amonia ya maduka ya usafi, isiyo na sabuni wala manukato, ambayo hapa kuipata ni mtihani. Lakini SA, ile salfeti ya amonia wanayoweka wakulima wa mpunga, ipo kwenye kila duka la pembejeo, na mtu atakupimia robo kilo. Futa kijiko kimoja cha chai cha SA, kama gramu 5, kwenye lita moja ya maji. Katika tangi la lita 60, mililita 100 za maji hayo zinaleta amonia ya miligramu 2 hivi kwa lita, ambacho ndicho kipimo kinachotosha kuwalisha bakteria bila kuwalemea. Iwe SA tupu. Mbolea ya CAN ina nitrati tayari na itakuvuruga vipimo, ile ya DAP inaleta fosfeti na mwani wa kijani. Filta ifanye kazi saa zote, pima kila baada ya siku mbili, amonia ikikaribia sifuri ongeza tena. Siku utakayotia kipimo kizima na kesho yake, baada ya saa 24, ukakuta amonia sifuri na nitriti sifuri, tangi limeiva. Badilisha sehemu kubwa ya maji kupunguza nitrati, kisha nenda dukani ukachague samaki. Kuna wanaotumia dagaa watatu wanne wakaozea humo. Inafanya kazi, ila harufu yake itawaleta paka wa mtaa mzima, na mama wa nyumba atakuwa na neno la kusema.

Hilo suala la kupima ndilo ninalolitilia mkazo kwenu kuliko yote. Seti ya matone ya amonia na nitriti ni ghali kwa mtu mwenye tangi moja, lakini ikikaa kwenye kaunta yenu inahudumia wateja kwa miezi. Mteja alete maji kwenye chupa ndogo. Matone yanaingia, mnasubiri dakika tano, kile kijichupa kinabaki njano au kinaanza kugeuka kijani mbele ya macho yake. Hakuna maelezo ya mdomo yanayomshawishi mzazi kuliko rangi ile. Na mtoto aliyekuja akililia samaki, mpeni ashike kadi ya rangi alinganishe mwenyewe; nimeona mtoto aliyekuwa akigaragara sakafuni akigeuka kuwa mpimaji mkali kuliko baba yake.

Muulizeni pia anatumia maji gani. Ya bomba, yanayotoka mto Ruvu na kutiwa dawa, yana klorini, na klorini huua bakteria wa tangi kama inavyoua wa kipindupindu. Yakae kwenye ndoo wazi siku nzima au yatiwe dawa kwanza, na sponji isioshwe kamwe kwa maji ya bomba, ioshwe kwenye ndoo ya maji yaliyotolewa tangini. Ya kisima hayana klorini, lakini visima vingi vya mjini vina chumvi, na vile vifupi vilivyo karibu na vyoo vya shimo vinaweza kuwa na nitrati hata kabla ya samaki kuingia. Wenye maji laini wawekeeni mfuko mdogo wa makombe yaliyopondwa ndani ya filta, kwa kuwa bakteria hula ugumu wa maji wanapofanya kazi, na pH ikiteremka chini ya 6 wanakaribia kusimama. Luku ikiisha usiku au umeme ukikatika kwa saa nyingi, bakteria walio kwenye filta iliyofungwa hukosa oksijeni. Sponji itolewe na iachwe wazi ndani ya tangi mpaka umeme urudi. Haya ni mambo ya dakika tatu kwenye kaunta.

Kuna wachache wenu mnaoleta samaki wa Kigoma, na kwenu nina neno la pembeni. Tropheus na frontosa wa Ziwa Tanganyika watu wa Ujerumani na Japani huwalea kwa heshima, wakihesabu kila mmoja. Ziwa lile lina pH inayokaribia 9. Mteja anayewaiga kwa kutia matumbawe na chumvi za kupandisha pH amejiweka kwenye ile asilimia 40 niliyoitaja, na amonia kidogo ambayo gapi angeistahimili inawamaliza Tropheus kwa siku moja. Kumuuzia mtu frontosa kwa ajili ya tangi lililojazwa maji jana ni jambo ambalo sitalitafutia neno la upole.

Mtasema mteja akiambiwa asubiri atakwenda duka la pili. Baadhi watakwenda, sikatai. Kodi ya fremu haisubiri wiki 6, na muuzaji wa kwenye simu hana hata kaunta ya kuwekea vipimo. Lakini mtazameni huyo aliyekwenda baada ya miezi miwili. Samaki wamekufa mara ya kwanza, akanunua wengine, wakafa, mtoto amelia mara mbili, na tangi sasa liko stoo limewekewa viatu. Hatanunua chakula kwenu, wala mimea, wala taa, wala tangi kubwa zaidi mwaka ujao. Mliuza samaki saba mkampoteza mtu. Aliyesubiri hurudi: kwanza kupima maji, halafu kununua samaki wawili watatu, baada ya wiki mbili wengine, na kila anaporudi hatoki mikono mitupu. Samaki wenyewe wauzwe kidogo kidogo hata kwenye tangi lililoiva, kwa kuwa bakteria huongezeka kulingana na chakula, na kutia samaki kumi kwa mpigo ni kuwarudisha kwenye njaa ya hewa ile ile.

Naomba tuanze na dhamana, kwa kuwa ni kitu ambacho duka moja linaweza kukitangaza bila kusubiri mengine. Andikeni kwenye risiti: samaki akifa ndani ya siku 7, tunakupa mwingine, mradi maji ya tangi lako yalipimwa hapa na kukutwa amonia sifuri na nitriti sifuri kabla ya kumchukua. Asiyetaka kupimiwa anunue kwa hatari yake, na hilo pia liandikwe. Duka litakaloanza, nitalipelekea wateja wangu wote wa simu za usiku, nami mwenyewe nitakuja kuchukua sponji.

Wenu,
Mteja wa Mbezi